Paneli Nne na Kiti Kimoja

Jumatatu, 2 Juni

Uhuru kamili! Leo nimemaliza kufunga paneli za jua juu ya paa la gari langu. Nne. Zinang'aa kama bati la nyumba mpya. Kuanzia leo simtegemei mtu. Si kampuni ya umeme, si jirani, si mke.

Mke, niseme ukweli, ndiye aliyeanza. Alikwenda kwa binti yetu kusaidia kulea mjukuu. Alisema atarudi mtoto akikaa. Mtoto akakaa. Akasema ngoja atambae. Katambaa. Sasa ana meno, anauma watu, na mama watoto bado yuko huko huko. Nyumba ikawa kimya mpaka nikawa naagana na friji nikienda dukani na kuisalimia nikirudi. Siku friji ilipoharibika nilifunga mlango, nikahamia kwenye gari.

Gari ni lile lile la mikate nililoendesha mpaka kiwanda kilipofungwa. Nimeng'oa rafu. Nimetia kitanda, jiko, meza ya kukunja, kiti kimoja. Nimeliegesha kwenye uwanja wa kando ya ziwa, pamoja na wengine wenye magari ya kulala. Hapa hakuna nguzo ya umeme hata moja. Kila mtu na mwanga wake.

Mama watoto kapiga simu asubuhi. Njoo ukae nasi, kasema, kuna chumba na kuna umeme ukutani. Nikamjibu nina kazi. Kazi gani, na wewe umestaafu? Nikamwambia, umeme wa jua. Akasema basi labda aje yeye, alione hilo gari, na kama panalalika atalala. Nikasema, ukipenda. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi. Kasema atanijulisha siku.

Nataka aje. Nimeshaandika, basi. Nataka aje akute taa, feni, birika la umeme, aseme "kumbe!" Akisema kumbe, atabaki. Namjua.

Jirani wa kulia ni mpima ardhi mstaafu. Nimembatiza Paneli Moja, maana ndiyo aliyonayo: moja, ndogo kama sinia, kaiegemeza kwenye gurudumu. Masikini wa Mungu. Lakini nje ya gari lake ana viti sita, na sijaona hata siku moja kiti kikiwa kitupu. Sijui watu wanafuata nini pale.

Jumanne, 3 Juni

Umeme hakuna! Hata wa kuwasha balbu.

Nimempigia fundi umeme aliyeniuzia vifaa. Kauliza paneli ziko wapi. Juu ya gari. Na gari liko wapi? Chini ya mti. Akarudia, chini ya mti? Nikamweleza taratibu, mkubwa kwa mdogo, kwamba mti wenye kivuli uwanja mzima ni mmoja, niliamka alfajiri kuuwahi, na kwamba vitu vya thamani haviachwi juani vikaungua. Akasema, mzee, hizo ni paneli za jua. Nikamwambia ajifunze kuzungumza na wateja.

Hata hivyo nimelihamisha gari. Si kwa sababu yake. Nilitaka tu kubadili mandhari.

Juani ndani ni tanuri. Mchana joto lilipanda mpaka kuta zikaanza kunukia mkate. Miaka yote ile, kumbe imo ndani ya kuta. Nilikaa kitandani nikavuta pumzi. Nikaenda mbele kwenye usukani, na bila kufikiri nikapiga honi. Ile ya mikate: mbili fupi, moja ndefu. Zamani nikiipiga, mtaa mzima unatoka. Mama watoto mwenyewe nilimpata kwa honi hiyo. Alitoka na kikapu, akaniambia mkate wa jana ulikuwa mgumu kama tofali. Kesho yake nikampelekea wa moto.

Leo alitoka Mama Geti peke yake, msimamizi wa uwanja. Kauliza kama nina mkate. Sina. Sasa baba, unampigia nani honi? Nikamjibu naijaribu tu, kama bado nzima.

Alhamisi, 5 Juni

Betri zimejaa! Feni inazunguka. Birika linachemka. Nimechemsha chai mara tatu ingawa kiu sina.

Na leo nimepata wazo. Nimegundua siri ya Paneli Moja: watu wanamwendea kuchaji simu. Ni lazima. Wangefuata nini kingine kwa mtu mwenye paneli ya ukubwa wa sinia? Sasa mimi ninazo nne. Nimeandika kwenye kadibodi kwa herufi za kuonekana mbali: CHAJI BURE, KARIBUNI. Nimeitundika dirishani. Watu watajaa, watazungumza, na mama watoto akija atakuta mumewe ni mtu wa watu.

Wamekuja! Walikuja hata kabla sijateremka kwenye kiti. Mvuvi wa dagaa, mwalimu aliye likizo na mkewe, nesi anayefanya kazi zahanati ya ng'ambo ya ziwa, na wengine. Kila mmoja akachomeka simu kwa waya wake, nesi kwa waya wangu, akasema asante sana mzee, halafu akaenda kukaa kwa Paneli Moja.

Wote!

Nilibaki na simu zao. Zilijipanga mezani zinalia kwa zamu, zinatetemeka, zinasukumana kama kuku wanaogombea punje. Sikujua kama watu wanatafutwa namna hii. Yangu ilikuwa kimya pembeni. Nilikuwa nimeichomoa ili mgeni apate nafasi.

Moja iliandika "Mama" kwenye kioo. Ikalia, ikakatika, ikalia tena. Nikaona si adabu kumwacha mama wa mtu hewani. Nikapokea. Kabla sijafungua mdomo akauliza, umekula? Nikasema ukweli, sijala. Akanigombeza vizuri sana. Ndipo akagundua kuwa sauti ni ya mzee, akacheka mpaka akakohoa. Tukaongea. Magoti yake, magoti yangu. Sikumuuliza, lakini akanifundisha namna ya kuchemsha maharage yasipasuke. Kauliza mke wangu yuko wapi. Nikamwambia yuko njiani anakuja. Sijui kwa nini nilisema vile, lakini baada ya kulisema likaonekana kama kweli.

Simu ilikuwa ya nesi. Alikuja akanikuta bado naongea. Kasema simu ya mtu ni kama mfuko wa mtu, hautiwi mkono. Kaichomoa kwa hasira, kaondoka nayo pamoja na waya wangu wa chaji.

Waya unaoingia kwenye simu yangu ndio ule mmoja tu. Siendi kuufuata kule kwenye viti. Ataurudisha mwenyewe akipoa.

Ijumaa, 6 Juni

Nesi hajapoa.

Simu yangu imezima. Si neno. Mama watoto hajawahi kupiga simu Ijumaa.

Mpango mpya. Kosa la jana lilikuwa kasi. Chaji ikiwa ya haraka, mtu anajua simu yake iko salama, anaondoka. Ikiwa ya kusuasua, itabidi akae aisubiri. Mtu akikaa, ataongea. Kwa hiyo nimeunganisha simu zote kwenye tundu moja, kwa waya mrefu wenye matundu mengi, na feni juu yake ili kula umeme zaidi.

Mvuvi alirudi kuchungulia simu yake. Haijasogea. Nikampa kiti changu nikasimama. Akakaa kidogo, kaniangalia nilivyosimama juu ya kichwa chake, kasema ngoja anyooshe miguu. Alikwenda kuinyoosha kwa Paneli Moja. Hata simu yake alimtuma Mama Geti kuichukua.

Mama Geti akaniambia, baba, nawe si uende ukakae nao pale, hawaumi. Nikamjibu siwezi kuacha mitambo peke yake. Kaangalia mitambo. Feni ilikuwa imesimama.

Jioni mawingu yametanda. Kadibodi nimeigeuza upande wa pili.

Jumamosi, 7 Juni

Wingu zito, halina hata tundu. Paneli nne hazitoi umeme wa kuchemsha maji ya yai. Paneli Moja naye hana umeme, namwona. Viti sita vimejaa vile vile! Wanacheka kwenye giza la mchana. Kama hawafuati umeme, basi wanafuata nini? Nimejiuliza mpaka kichwa kimeuma. Nimehitimisha kwamba ana betri ya siri.

Dawa ya moto ni moto. Nimekwenda mjini nikarudi na jenereta. Kubwa, jekundu, lina sauti ya heshima.

Fundi aliniuzia akasema, mzee, lichomeke moja kwa moja kwenye betri, yameisha. Rahisi mno. Mtu yeyote angefanya hivyo. Mimi nataka umeme wa jua, na nimemwahidi mama watoto umeme wa jua. Kwa hiyo nimenunua na taa mbili kubwa za kumulika, zile za mafundi wa ujenzi, nikazisimamisha juu ya paa zikiangalia paneli. Jenereta linawasha taa, taa zinamulika paneli, paneli zinachaji betri. Jua langu mwenyewe, na halijui mawingu!

Waya ulipungua kidogo. Nimekata wa honi. Honi ya nini, na mkate hakuna.

Matokeo: jenereta limekunywa mafuta kama ngamia, taa zimewaka vizuri, na kishale cha betri kimesogea kwa unene wa unywele. Lakini kimesogea! Mama Geti alikuja akaangalia juu, akaangalia taa, akaangalia paneli. Kauliza kama naanika kitu.

Nesi bado ana waya. Siku hizi mama watoto hupiga Jumamosi? Sikumbuki. Zamani nilikuwa nakumbuka.

Jumapili, 8 Juni

Siku kuu ya umeme! Jenereta limekoroma tangu asubuhi. Taa zote, feni, birika, redio. Redio siisikii, lakini kile kitaa chake chekundu kinaonekana. Kila kitu kinafanya kazi kwa pamoja, na mimi katikati kwenye kiti changu, kama nahodha.

Kelele ni tatizo kidogo. Nimetia pamba masikioni, nikafunga madirisha ya huku nyuma, nikafunga mlango kwa komeo. Gari linatetemeka mpaka vijiko vinacheza. Kuna wakati nilihisi kama mlango unagongwa. Kisha kama mtu yuko upande wa usukani. Ni jenereta. Likishika kasi linagonga kila mahali.

Mchana nilichungulia. Paneli Moja kapata mgeni mwingine, mama mmoja mwenye mtandio wa kijani, kanipa mgongo, kashika kikombe kwa mikono miwili. Hata mtu wa leo leo kamnasa! Mwanamke wa watu kashuka tu kwenye basi, na tayari kaketishwa. Wivu ulinipanda, sikatai. Nikatoka mlango wa nyuma, nikaongeza mafuta, nikazungusha kasi hadi mwisho ili wajue nani hasa ana umeme hapa. Nilipochungulia tena, walikuwa wote wameziba masikio. Mama wa mtandio alikuwa ameinamisha kichwa.

Nikakaa nikanywa chai yangu. Ilikuwa tamu, ila kikombe kimoja kwenye meza kina upweke wake. Ningefurahi kama mama watoto angekuwepo leo leo, siku kila kitu kinawaka.

Jumatatu, 9 Juni

Mafuta yameisha. Kimya. Nimetoa pamba.

Paneli Moja kaja asubuhi. Ni mara ya kwanza anabisha kwangu. Kabeba chombo cha chakula kimefungwa kwa mtandio wa kijani. Sikuelewa. Nikamwambia chakula ninacho.

Akasema, kaka, hiki si changu. Ni cha shemeji.

Nilikalia kiti. Yeye akabaki amesimama, maana kingine sina.

Kanieleza taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo wa vyombo. Kasema, shemeji alifika jana asubuhi. Alikugongea mlango mpaka mkono ukamwuma. Alikuita kwa jina, akakuita baba watoto, akakuita na majina mengine ambayo sitayarudia. Mama Geti naye aligonga. Nami nilirusha vijiwe paani. Nikamwambia shemeji aje akae, atachoka. Alikaa mpaka basi la mwisho. Alikuwa na sanduku, kaka. Sanduku kubwa. Alisema amekuja kukaa.

Nikauliza, huo mtandio? Kasema mwenyewe alisema kashonewa na binti yenu. Mimi sikuujua. Nimeishi na mwanamke huyu nusu ya umri wangu, nikamtazama mgongo wake mchana kweupe, nikamwita mtu wa leo leo.

Paneli Moja alikuwa pia na waya wangu, nesi alimpa aniletee. Akaleta betri yake ndogo nikachomeka simu, kwa sababu umeme wangu haukuwepo. Ikafufuka. Jumbe zikaingia moja baada ya nyingine. Nakuja Jumapili. Mbona hujibu? Haya, nimepanda basi. Niko getini. Niko mlangoni kwako. Hilo dude linalolia ni nini? Na ya mwisho: Dirisha la usukani lilikuwa wazi kidogo, nimepitisha mkono nimebonyeza honi. Haikulia.

Nililia. Mbele ya Paneli Moja, na sikusingizia jasho. Akaenda akaleta kiti chake kimoja, akakaa karibu nami. Chakula kilikuwa maharage. Halikupasuka hata moja. Ila yalikuwa yamepoa.

Nikampigia mama watoto. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema mkono bado unamwuma. Alisema wale majirani ni watu wazuri, wanajua kumpa mtu kiti. Kisha akauliza honi imekuwaje. Nikamwambia nilihitaji waya.

Nikamwomba arudi. Nilimsihi, sina aibu. Akasema atakuja Jumapili, mara hii moja tu, kwa kuwa hana miguu ya kuchezea. Asipofunguliwa atalipeleka sanduku kwa binti na hatalitoa tena. Kasema pia, siku hiyo zima hilo dude.

Jumatano, 11 Juni

Nimelifikiria jambo hili siku mbili na sasa nimejua kosa langu liko wapi. Najiona mjinga kwa kutoliona mapema.

Sikuwa na kengele!

Mtu anafika mlangoni, atagongaje kwa mkono? Huu ni wakati wa ngumi? Nimekwenda kwa fundi nikachagua kengele ya umeme, si zile za kulia kama panya. Hii ni king'ora, ya namna inayowekwa kwenye viwanda watu watoke kazini. Imefungwa mlangoni, kitufe chekundu, na maandishi: BONYEZA HAPA MAMA WATOTO.

King'ora kinakula umeme mwingi. Jenereta jekundu halikukiweza. Nimelibadilisha na kubwa zaidi. Hili ni la kijani, linafanana na mtandio wake, atafurahi.

Paneli Moja alikuja na wazo lake. Kasema, kaka, rudisha waya wa honi, zima kila kitu, halafu Jumapili chukua kiti chako ukae nje umsubiri. Kasema ataniazima na kiti cha pili. Nilimshukuru kwa moyo wote, ni mtu mwema, nimekosea kumfikiria vibaya. Lakini hayo ndiyo mawazo ya mtu mwenye paneli moja. Nikae nje, kwenye kimya, bila hata taa? Mwanamke kapanda basi na sanduku, ataona nini? Kuhusu kuzima dude, mama watoto alisema vile kwa sababu alisikia la zamani. Hajasikia hili.

Mchana tumekijaribu king'ora. Mimi nilikuwa ndani, kila kitu kimewashwa, komeo limefungwa, mambo yawe kama yatakavyokuwa siku yenyewe. Paneli Moja alibonyeza kitufe nje. Baadaye nilitoka kumwuliza kama kinalia. Akasema kinalia mpaka getini, ndege wote wa ziwani wameruka, na Mama Geti kadhani pameungua.

Mimi ndani sikukisikia. Lakini hiyo ni kwa sababu pamba ilikuwa ya zamani, imekakamaa. Kwa ajili ya Jumapili nimenunua mpya.